Ferritini juu, damu chini: kusoma vipimo vya chuma kwa mwenye kitambi, presha au sukari

Ferritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, haisomwi peke yake. Kama ningeruhusiwa kumwambia jambo moja tu mtu mzima anayetoka maabara Kisumu, Siaya au Kakamega akiwa na karatasi ya majibu mkononi, ningemwambia hilo. Ferritini ya 38 yaweza kumaanisha chuma cha kutosha kwa mtu mmoja na ghala tupu kwa jirani yake aliyeugua malaria wiki iliyopita. Ferritini ya 412 nayo yaweza kuwa haitokani na chuma kingi hata kidogo, bali ini lililojaa mafuta. Huku kwetu malaria, minyoo, kichocho, selimundu na HIV zimekuwapo miaka mingi, na sasa kisukari na presha vimezikuta palepale, mara nyingi ndani ya mwili mmoja. Kila mojawapo huigusa namba hiyo. Anayeisoma bila kuuliza mengine huishia kumeza tembe asizozihitaji, au kunyimwa anazozihitaji.

Tuanze na chuma chenyewe. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini, na karibu theluthi mbili zimo ndani ya hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kila siku utumbo hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kutoka kwa chakula. Kiasi kikubwa, miligramu 20 hadi 25 kwa siku, hutoka kwa chembe nyekundu zilizozeeka ambazo mwili huzivunja na kutumia chuma chake upya. Mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Kwa sababu hiyo udhibiti wote hufanyika pale kinapoingia.

Kinachokisafirisha kwenye damu ni transferini. Molekuli moja hubeba atomu mbili za chuma, na kwa mtu mzima mwenye afya karibu theluthi moja tu ya nafasi zake huwa imejaa. Kinachokihifadhi ni ferritini: vipande 24 vya protini vilivyoungana kuzunguka uwazi unaoweza kubeba hadi atomu 4,500. Ferritini nyingi hukaa ndani ya ini, wengu na uboho. Kidogo huvuja kwenye damu, na maabara hupima hicho kidogo. Mwili ukiwa umetulia, kila mikrogramu 1 kwa lita inawakilisha takriban miligramu 8 hadi 10 za chuma cha akiba. Ferritini ya 30 basi ni kama miligramu 240 hadi 300, akiba ndogo kwa mwanamke anayepata hedhi nzito.

Halafu kuna hepsidini, homoni ndogo inayotengenezwa na ini. Chuma hutoka kwenye chembe za utumbo na kuingia kwenye damu kupitia protini iitwayo feropotini. Hepsidini huishika feropotini na kuiharibu, na chuma hubaki kimefungiwa ndani. Ini huongeza hepsidini kwa sababu mbili zisizohusiana: akiba ikiwa imejaa, au mwili ukiwa kwenye inflamesheni, yaani unapopambana na maambukizi, jeraha au mafuta yaliyozidi. Sababu hiyo ya pili ndiyo inayovuruga usomaji wa vipimo, kwa kuwa inflamesheni hupandisha ferritini moja kwa moja pia, bila chuma kuongezeka hata tone.

Kitambi na chuma

Mafuta yanayokaa tumboni hayakai kimya. Hutoa kemikali za inflamesheni usiku na mchana, kwa kiwango kidogo lakini bila kukoma. Ini hujibu kwa kuongeza hepsidini. Matokeo yake, mtu mnene aweza kuwa na ferritini inayoonekana nzuri huku uboho wake ukikosa chuma cha kutengenezea damu. Hapo ndipo utamsikia mtu akilalamika kwamba amechoka, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, na karatasi inasema "kawaida".

Kujua kama umeingia katika kundi la matatizo ya kimetaboliki, angalia mambo matano. Kiuno cha sentimita 94 na zaidi kwa mwanamume, au 80 na zaidi kwa mwanamke, kikipimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetoka. Presha ya 130/85 na zaidi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ya 5.6 mmol/L na zaidi. Trigliseridi, aina ya mafuta ya damu, 1.7 mmol/L na zaidi. HDL, yale mafuta mazuri ya damu, chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Ukiwa na matatu kati ya hayo, umo. Tatizo unalolimezea dawa nalo huhesabiwa. Kiuno hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, kwa hiyo hakuna sababu ya kituo cha afya kukiruka.

Watu wa kundi hili mara nyingi huwa na ferritini ya juu. Uchunguzi uliowafuatilia watu wazima kwa miaka umeonyesha tena na tena kwamba wenye ferritini ya juu hupata kisukari cha aina ya pili zaidi kuliko wengine. Kuna sababu za kuamini kwamba chuma chenyewe huchangia: kikizidi kwenye ini hupunguza utiifu wake kwa insulini, na kikizidi kwenye kongosho hudhuru seli zinazoitengeneza insulini hiyo. Lakini sehemu kubwa ya uhusiano huo hupitia kwenye mafuta ya ini na inflamesheni. Majaribio ya kuwatoa damu watu wenye ini la mafuta ili kupunguza chuma hayajaleta nafuu ya kuaminika kwenye sukari wala kwenye ini. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosambaza ujumbe kwamba mwenye kisukari aepuke kila chakula chenye chuma. Mwanamke wa Nyalenda, Kisumu, mwenye kisukari na hedhi nzito akiacha omena na maharagwe kwa hofu hiyo, atajiongezea ugonjwa wa pili.

HbA1c inapodanganya

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu makosa ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, yanaathiri watu wengi wa ukanda wa ziwa kuliko tunavyokiri.

HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye hemoglobini. Hudhani kwamba chembe nyekundu huishi karibu siku 120. Kinachobadilisha umri huo hubadilisha jibu, hata sukari isipobadilika. Upungufu wa chuma hufanya damu mpya itengenezwe polepole, chembe zilizoko zinakuwa na wastani mkubwa wa umri, na HbA1c hupanda. Mtu aweza kuambiwa ana dalili za kuelekea kwenye kisukari ilhali tatizo ni chuma. Akitibiwa, namba hushuka yenyewe.

Upande wa pili ni kinyume chake. Malaria huvunja chembe. Selimundu huzivunja. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu, nao hufupisha umri wake. Mtu aliyeongezewa damu majuzi ana chembe za mtu mwingine. Wote hawa hupata HbA1c ya chini kuliko hali halisi, na kisukari chao hupita bila kuonekana. Hata mwenye AS, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu na haumwi ugonjwa huo, huwa na HbA1c iliyo chini kidogo kuliko mwenye AA, asiye na jeni hiyo, mwenye sukari ileile. Katika baadhi ya maeneo ya Nyanza na Magharibi, karibu mtu mmoja kati ya watano ana AS, na wengi wao hawajui.

Mtu mwenye AS na upungufu wa chuma kwa wakati mmoja anavutwa pande mbili. Hakuna hesabu ya kuaminika ya kurekebisha. Njia ni kuiacha HbA1c kando na kutumia sukari yenyewe: asubuhi kabla ya kula, 7.0 mmol/L na zaidi ni kisukari. Saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, 11.1 na zaidi ni kisukari. Kama huna dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kupewa jina la ugonjwa. Kwa anayefuatilia matibabu, mashine ya nyumbani ya kuchoma kidole inasema ukweli zaidi.

Kuna jambo lingine dogo kwa wanaotumia metformini kwa miaka: damu ikipungua, usikimbilie chuma. Metformini hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na upungufu huo hutoa chembe kubwa, MCV (kipimo cha ukubwa wa chembe nyekundu) juu, tofauti na za upungufu wa chuma ambazo huwa ndogo. Ganzi ya miguu inayohesabiwa kuwa ya sukari yaweza kuwa ya B12. Figo zilizochoka kwa sababu ya sukari au presha nazo hupunguza damu, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe.

Kupimwa vizuri

Vipimo vinavyohitajika pamoja ni hemogramu nzima (hesabu ya chembe za damu), ferritini, CRP (kipimo cha inflamesheni), chuma cha kwenye damu na TIBC, yaani uwezo wa damu kubeba chuma (au transferini), na sukari ya asubuhi. Kama pesa hazitoshi, anza na hemogramu, ferritini na CRP. CRP itolewe kwenye damu ya siku ileile. CRP ya mwezi jana haisemi lolote kuhusu ferritini ya leo.

Ukiwa na homa, malaria, nimonia au kidonda kinachotoa usaha, ahirisha ferritini. Ngoja angalau wiki mbili au tatu baada ya kupona. Ferritini haihitaji kufunga, lakini chuma cha kwenye damu hupanda na kushuka ndani ya siku na hupaa ukimeza tembe, kwa hiyo nenda asubuhi, usile, na uache tembe za chuma saa 24 hadi 48 kabla.

Hemogramu na HbA1c huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Ferritini, chuma na CRP huwekwa kwenye chupa ya kifuniko chekundu au cha manjano. Damu ya zambarau haifai kwa chuma, kwa kuwa EDTA, kemikali iliyomo ya kuzuia damu isigande, hushika madini. Sukari huwekwa kwenye kifuniko cha kijivu chenye floraidi. Ukiona damu ya sukari imewekwa kwenye chupa nyekundu, uliza itatenganishwa saa ngapi: chembe zinaendelea kula sukari ndani ya chupa, na kiwango hushuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Damu iliyotolewa saa mbili asubuhi zahanati ya mashinani ikafika maabara ya mjini saa saba mchana inaweza kumfanya mwenye 7.4 aonekane na 5.5. Hata floraidi huchukua saa moja au mbili kuuzuia ulaji huo kikamilifu, kwa hiyo chupa iwekwe mahali pa baridi mara moja.

Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au chupa ikitikiswa badala ya kugeuzwa polepole, chembe hupasuka. Majimaji yanayobaki huwa mekundu badala ya manjano, na vipimo kadhaa huharibika. Maabara nzuri hukataa sampuli hiyo na kukuita urudi. Usikasirike, wamekufanyia hisani.

Kwa hemoglobini ya kuchoma kidole: futa tone la kwanza, na usikamue kidole. Ukikamua, maji ya kwenye nyama huchanganyika na damu na jibu hushuka.

Kisha kuna mwinuko wa nchi. Hewa ikiwa nyepesi mwili huongeza hemoglobini, kwa hiyo kipimo cha mtu wa Nakuru hakisomwi kama cha mtu wa Mombasa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024, mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu hemoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na mwanamume chini ya 13, baada ya kutoa nyongeza ya mwinuko. Kisumu, mita kama 1,130, unatoa 0.8. Nakuru, mita kama 1,850, unatoa 1.1. Mwanamke wa Nakuru mwenye 12.6 anabaki na 11.5, yaani damu yake imepungua, ingawa mashine haikuweka alama yoyote kando ya namba yake. Nadhani hili ndilo kosa linalopita kimya zaidi kwenye kliniki za Bonde la Ufa.

Karatasi mbili

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 36, Kisumu, kiuno sentimita 97, hedhi nzito. Hemoglobini 10.9, MCV 71, ferritini 38, CRP 9, chuma 7 µmol/L, TIBC 62 µmol/L, HbA1c 6.1, sukari ya asubuhi 5.2.

Ferritini ya 38 inaonekana nzuri, kwa maana Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kwa mtu mzima asiyeumwa kuwa chini ya 15. Lakini CRP imevuka 5. Palipo na inflamesheni kiwango hupanda: chini ya 70 huhesabiwa upungufu. Hakikisha kwa kujaa kwa transferini: 7 gawanya kwa 62, zidisha kwa 100, unapata asilimia 11. Chini ya 16 chuma hakitoshi. Kati ya 16 na 20 ni mahali pa kutilia shaka. (Ukipewa transferini kwa gramu kwa lita badala ya TIBC, zidisha kwa 25.) Chuma kimeisha. Ile HbA1c ya 6.1 haiaminiki, na sukari yake ya asubuhi ni ya kawaida. Atibiwe chuma kwanza, arudie HbA1c baada ya miezi minne hivi, apimwe aina ya hemoglobini ili ijulikane kama ni AS, na sababu ya hedhi nzito itafutwe. Kiuno chake bado kinadai apimwe presha na mafuta ya damu. MCV ikibaki chini hata baada ya chuma kujaa, huenda ana alfa thalasemia, hali ya kurithi ya hemoglobini, ambayo ni ya kawaida huku kwetu na haihitaji chuma.

Mfano wa pili ni mwanamume wa miaka 48, Nakuru, kilo 96, kiuno sentimita 106, presha 142/91. Hemoglobini 15.2, ferritini 412, CRP 3, kujaa kwa transferini asilimia 28, ALT 62 na AST 44 (vimeng'enya vya ini), chembe sahani (zinazogandisha damu) 230, trigliseridi 2.4, sukari ya asubuhi 6.3. Hunywa bia wikendi.

Ferritini imepita 200, na hapo wengi huogopa chuma. Lakini transferini iliyojaa asilimia 28 inasema hakuna chuma kinachofurika. Ingekuwa zaidi ya 45, mazungumzo yangekuwa mengine. Huyu ana manne kati ya yale matano, ini lake linalalamika, na pombe inaipandisha ferritini juu zaidi. Kujua kama ini limeanza kupata makovu, tumia hesabu ya FIB-4: umri mara AST, gawanya kwa zao la chembe sahani na kipeuo cha pili cha ALT. Kwake ni 48 mara 44, yaani 2,112, gawanya kwa 230 mara 7.87, yaani 1,811. Jibu ni 1.17. Chini ya 1.3 hatari ya makovu makubwa ni ndogo. Apimwe hepatitisi B, hepatitisi C na HIV, aache pombe kabisa kwa wiki 6 hadi 8, kisha arudie ferritini na ALT. Uzito ukishuka kwa asilimia 7 hadi 10, kwake kilo 7 hadi 10, mafuta ya ini hupungua vizuri, na ferritini mara nyingi hufuata. Asimeze tembe za vitamini zenye chuma.

Ferritini ikipita 1,000, au transferini ikijaa zaidi ya asilimia 45, usibaki nyumbani na maelezo ya mtandaoni. Muone mtaalamu. Aliyeongezewa damu mara nyingi kwa sababu ya selimundu ana haki ya kufuatiliwa kwa karibu, kwa kuwa kila chupa ya damu huleta miligramu 200 hadi 250 za chuma ambacho mwili hauwezi kukitoa.

Kumeza chuma kwa akili

Tembe ya feras salfeti ya miligramu 200 ina kama miligramu 65 za chuma chenyewe. Feras fumareti ya 200 ni karibu hivyohivyo. Feras glukoneti ya 300 ina kama 35 tu. Soma chupa ya dawa ya maji ya kuongeza damu kabla ya kulipa: nyingine zina chuma kidogo na sukari nyingi, na kwa mwenye kisukari hilo ni hasara mara mbili. Bitiruti nayo haipati wekundu wake kutoka kwa chuma, na chuma ilicho nacho ni kidogo.

Tembe moja kwa siku, au moja siku moja na kupumzika siku inayofuata. Kumeza tatu kwa siku kulizoeleka, lakini tembe moja hupandisha hepsidini kwa takriban saa 24, kwa hiyo ya mchana na ya jioni hufyonzwa kidogo na kazi yake kubwa huwa kuumiza tumbo. Meza asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji au juisi ya chungwa. Mwenye kisukari atumie maji na kipande cha chungwa. Ngoja saa moja kabla ya chai au maziwa. Tumbo likikataa kabisa, meza pamoja na chakula kidogo, kwa sababu tembe iliyomezwa vibaya bado inashinda iliyobaki kwenye pakiti. Kinyesi kitakuwa cheusi, na hiyo si damu. Kikiwa cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu kali, nenda hospitali.

Kwa anayetumia TLD, tembe ya HIV yenye dolutegraviri: chuma hushikana na dolutegraviri na kuizuia isifyonzwe. Ama meza zote mbili pamoja na chakula, ama meza TLD saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake. Doksisaiklini, siprofloksasini na dawa ya tezi ya shingo nazo zitenganishwe na chuma kwa saa kadhaa. Omeprazoli hupunguza asidi ya tumbo, na bila asidi chuma hakiyeyuki vizuri. Kama unaimeza kwa mazoea tu, muulize daktari kama bado unaihitaji.

Ukiwa na malaria, tibu malaria kwanza. Hepsidini huwa juu sana wakati huo na chuma hakifyonzwi.

Hemoglobini ipande kama gramu 2 ndani ya wiki nne. Isipopanda, ama tembe hazimezwi, ama hazifyonzwi, ama damu inaendelea kupotea, ama tatizo halikuwa chuma. Ikishafika kiwango chake, endelea miezi mitatu zaidi ili ghala lijae. Kuacha mara tu unapopata nguvu ndiko kunakowarudisha wengi mahali palepale.

Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, tembe pekee hazitoshi. Damu inapotelea mahali fulani, mara nyingi tumboni au kwenye utumbo: minyoo ya safura, kichocho kwa wanaoingia ziwani, vidonda vya tumbo, diklofenaki ya kila siku kwa ajili ya magoti, au saratani. Kinyesi kipimwe, na kamera ya tumbo na ya utumbo mpana isiogopwe.

Sahani na kikombe

Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa asilimia 15 hadi 35. Cha mboga na nafaka, asilimia 2 hadi 20, kutegemea kimeandamana na nini. Omena kidogo juu ya managu au kunde husaidia kufyonzwa kwa chuma cha mboga yenyewe. Limau ni bora zaidi likikamuliwa mezani, kwa kuwa moto huharibu vitamini C. Magadi yanayotiwa kwenye mrenda huharibu vitamini C pia, kwa hiyo siku hiyo pera au chungwa liliwe baada ya mlo. Wimbi lina chuma, lakini pia lina faiteti zinazokishika. Uji uliochachushwa hupunguza faiteti hizo. Unga wa mahindi wa pakiti unapaswa kuwa na chuma kilichoongezwa, kwa sheria ya Kenya tangu 2012. Unga wa posho mill hauna nyongeza hiyo.

Chai ndiyo ningeianza. Kikombe cha chai pamoja na ugali na mboga hupunguza ufyonzaji wa chuma cha mboga kwa zaidi ya nusu. Isogeze saa moja mbele na tatizo hupungua sana. Mwanamume wa ule mfano wa pili hana haja ya kuisogeza. Yeye apunguze sukari iliyomo kikombeni, na mutura na nyama choma ziwe za mara mojamoja. Akitaka kuchangia damu na daktari wake akaridhia, Nakuru na Kisumu zina vituo vya damu vya eneo: mililita 450 hutoa chuma kama miligramu 200 hadi 250. Aende kwa sababu damu inahitajika wodini, si kama tiba ya sukari yake, na ferritini yake irudiwe baada ya wiki nane au zaidi, pamoja na CRP ya siku hiyohiyo.